Ndizi Juu ya Meza ya Wuryani

Wifi yangu Wuryani ana tabia moja iliyonitesa miaka mingi: huwaacha watu njiani. Si watu wa kweli, maana kwa watu wa kweli ni mkarimu kupita kiasi, atakuazima hata mkasi wake na wateja wamemjaa mlangoni. Nasema wale anaowatunga. Katika riwaya yake ya kwanza, alipokuwa bado bibi harusi wa mdogo wangu Wagiran, kulikuwa na msichana aitwaye Karsini. Alikimbia kwao usiku wa mvua akafika mbele ya mlango wa shangazi yake, mwavuli umevunjika, mkono ameuinua abishe hodi. Hapo Wuryani akachoka. Karsini hajabisha mpaka leo. Riwaya ya pili ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombea nyati wa kulimia. Wamebaki katikati ya shamba la mpunga, kila mmoja kashika kamba upande wake. Ya tatu ni ya mwalimu aliyepanda basi kwenda Semarang, na hilo basi, kama mafuta hayajaisha, lingali barabarani.

Haya nayajua kwa sababu anayesomewa ni mimi. Nyumba zetu zimepeana migongo hapa kijijini, upande wa Klaten, na kisima ni kimoja. Mimi hukaanga peyek za kuuza, vile vitafunio vyembamba vya unga wa mchele na karanga. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na hadithi zake huziandika nyuma ya karatasi za kaki anazochorea vipimo vya nguo. Alasiri akishaweka mkasi chini huja barazani kwangu na karatasi zake, mimi nachambua karanga, yeye anasoma. Mume wangu alipofariki, majirani walikuja kusoma dua kama ilivyo ada, kisha wakarudi kwenye shughuli zao, na hakuna wa kulaumiwa. Wuryani hakuacha kuja. Nikisema hadithi zake ndizo zilizonitoa kitandani mwaka ule, sitii chumvi.

Riwaya ya nne ilikuwa ya Sulastri, mke wa mlinzi wa kivuko cha reli. Mume anakwenda Kalimantan kutafuta kazi na huko anasahau njia ya nyumbani. Sulastri anabaki na mama mkwe mgonjwa, na treni zikikaribia anatoka mwenyewe kushusha kizuizi, mtoto wa watu, upepo wa treni unampeperushia kanga. Nilimpenda Sulastri. Nilikuwa nikikaanga huku nawaza kama amekula. Kisha mama mkwe akafa, wakamzika, na Sulastri akafungasha kitu kidogo akaenda kuketi kwenye benchi la stesheni.

Akaketi. Mvua za kwanza zikanyesha, mpunga ukapandwa, mpunga ukavunwa, naye ameketi palepale. Kila alasiri Wuryani alikuja mikono mitupu na kuniambia leo alikuwa na sare nyingi. Uongo. Dirisha la chumba chake cha kushonea linatazama kisima, na kila nilipokwenda kuteka maji nilimkuta ameinamia sura ya kwanza, anafumua. Anafuta sentensi, anaishona upya, anaifumua tena. Sura ya kwanza ilikwisha kuwa nzuri kama nguo ya Idi. Ya kumi na tatu haikuwa hata na uzi.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "watu wako wote unawaacha wamesimama au wameketi. Hakuna hata mmoja anayefika. Unawalipizia kisasi gani?"

Nilitaka acheke. Hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu na sufuria yangu, akanieleza kuwa mwanzo huwa anauona wote, kama njia wakati wa mchana, na mwisho nao huuona kwa mbali, lakini akifika katikati haoni mbele wala nyuma. Kila sentensi anayoandika anaiona ya kijinga. Halafu akasema neno lililoniumiza.

"Hii nayo ikifia njiani, sianzi nyingine. Nitazikata hizi karatasi ziwe vipimo vya kaptura, mambo yaishe. Nimekuwa mtu mzima, wifi. Nachoka kujiaibisha mwenyewe."

Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa na hofu. Nilimwambia kaptura za shule tayari zinatosha duniani. Lakini nilipobaki peke yangu nilishika tama. Sikuhofia riwaya tu. Nilijiona mimi, barazani, alasiri, na karanga zangu, na hakuna anayekuja.

Wiki hiyo jirani yetu Jumadi alipandisha boriti ya paa. Kwetu hatungoji nyumba ikamilike ndipo tuifanyie karamu. Siku ile boriti ya juu kabisa inapopanda, kuta bado mbichi na madirisha ni matundu matupu, ndipo watu wanaitwa, dua inasomwa na wali unaliwa. Kwenye boriti hufungwa mkungu wa ndizi, nazi, miwa, mashuke ya mpunga na bendera, na hakuna anayezigusa ndizi zile mpaka nyumba ipate vigae. Wanaume huketi mkekani mbele. Sisi wanawake tuko nyuma kwenye moshi, na kwa kuwa nyumba haina milango, tunasikia kila kitu.

Mtu alimuuliza Jumadi vigae vinakuja lini. Jumadi akajikuna kichwa.

"Vigae hata sijui nitavitoa wapi. Lakini nyie si mmeshakula? Sasa nitaiachaje?"

Watu waliangua kicheko. Nilipogeuka kumtazama Wuryani nilimkuta amesimama na mwiko mkononi, macho yako juu kwenye zile ndizi, na wali unaungua. Nilimpokonya mwiko.

Siku mbili baadaye nikamwona anashuka kwenye pikipiki ya kukodi na mkungu mzima wa ndizi, mzuri, umeanza kupiga manjano. Nazi alikuwa nayo, miwa alikuwa nayo, na mashuke ya mpunga aliyaomba kwa Jumadi. Alipanda juu ya meza ya kushonea akavifunga vyote kwenye boriti ya chumba chake, akachomeka na bendera ndogo ya sherehe za uhuru. Nilimwuliza kama ana homa. Akasema Alhamisi baada ya Magharibi nimsaidie kupika, anaalika mtaa mzima.

"Unajenga nini?"

"Nimefika kwenye paa," akasema. Uso ulimwiva kama wa msichana.

Wagiran alizunguka na mialiko bila kuuliza, maana mdogo wangu ana hekima ya kutouliza mambo ya mkewe, ambayo mimi nilikuwa nikiiita uvivu. Hakuwahi kusikia hata sura moja. Aliwahi kuniambia anaogopa asije akajikuta humo ndani.

Alhamisi wanaume walikuja, wakazunguka nyumba kwanza wakitafuta ukuta mpya. Hawakuuona. Waliketi mkekani wakitazamana, na mbele yao kulikuwa na wali wa manjano, kuku na mayai, na kwa mbali, kupitia mlango uliofunguliwa, mkungu wa ndizi unaning'inia juu ya cherehani. Modin, ndiye mzee anayetusomea dua, alikohoa. Kwetu chakula hakiguswi mpaka nia ya karamu itamkwe kwa sauti, watu wote wasikie na kushuhudia. Alimgeukia Wagiran amwambie nia ni ipi. Wagiran akanigeukia mimi, nilikuwa kwenye mlango wa jiko. Mimi nikamsukuma Wuryani mbele.

Wifi yangu alikauka pale mlangoni, mikono ina unga. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anaandika hadithi ndefu, kuta zimesimama, paa bado, na anaomba dua ya majirani asiiache.

Modin alifikiri, kisha akauliza kwa upole nani atakayeishi humo, kwa sababu kwa kawaida huwa anataja jina la mwenye nyumba.

"Sulastri," akasema Wuryani.

"Binti wa nani?"

"Hayupo, Modin. Nimemtunga."

Modin akasema hawezi kumwombea dua mtu asiyekuwapo, atapata shida ya kujieleza. Atamwombea aliyemtunga. Watu wakaitikia amina, na sijasikia amina nzito kama ile hata kwenye nyumba za kweli. Nikadhani yamekwisha. Kumbe Jumadi, aliyekuwa ameshashika paja la kuku, akasema yeye hawezi kula wali wa nyumba asiyoijua ina vyumba vingapi. Tusimuliwe.

Wuryani alinitazama kwa macho ya kuomba. Basi nikasimulia mimi, kwa sababu niliijua kuliko hata yeye: kivuko, mume aliyepotelea Kalimantan, mama mkwe, kizuizi, msiba, benchi. Sikutia chumvi, ila pale kwenye treni nilitia kidogo. Nilipofika kwenye benchi nikanyamaza. Wakasema, halafu? Nikawaambia mwulizeni mwenyewe, hapo ndipo tulipo.

Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja alitaka Sulastri apande treni aende Surabaya. Mwingine alitaka aolewe na mkuu wa stesheni. Modin mwenyewe akapendekeza arudi kwa wazazi wake. Wuryani alisikiliza kichwa kimeinama, na nikaanza kujuta, nikaona tumemvua nguo hadharani. Ndipo Wagiran, mdogo wangu mwenye hekima ya kunyamaza, akafungua kinywa.

"Mimi naona arudi nyumbani amsubiri mumewe. Ndiyo wema wa mke."

"Hawezi kurudi," akasema Wuryani.

"Kwa nini asiweze? Nyumba si ipo?"

"Hana ufunguo. Ameuzika pamoja na mama mkwe. Aliutia ndani ya sanda kwa mkono wake, mtu hakumwona, ili hata akishikwa na udhaifu asiwe na pa kurudi."

Aliyasema kwa hasira, kidole kimemwelekea mumewe. Mkekani hakuna aliyetafuna.

"Wifi," nikamwambia, "hilo hukunisomea."

Akanigeukia, na hasira yote imemtoka. "Nimelijua sasa hivi," akasema.

Wagiran akasema kama ni hivyo, basi hawezi kurudi kweli, na akaomba sambal, ile pilipili ya kusaga.

Kesho yake, kabla sijawasha moto, Wuryani alinibishia hodi akiwa na furushi la karatasi za kaki. Sura zote kumi na mbili. Aliniomba nizifungie kabatini mwangu na ufunguo nikae nao mimi, kwa sababu akiwa nazo atazifumua. Nilizifungia chini ya makopo ya peyek. Haikupita wiki akaja, akaniambia anataka sura ya tatu, neno moja tu. Nikamwuliza neno gani. Akasema "mnyonge". Nikamwambia neno "mnyonge" liko salama salimini, linamsalimu, arudi kwa Sulastri. Alininunia siku nzima, lakini cherehani ilipokuwa kimya sikumwona ameinamia sura za nyuma. Alikuwa ameinamia ya mbele.

Na mtaa haukumwacha. Hilo hakulifikiria alipokuwa akinunua nazi. Sarinten muuza mboga, ambaye mumewe alirudi na chakula cha karamu na habari zote, alimsimamisha asubuhi kwenye toroli lake na kumwuliza Sulastri ameamkaje. Jumadi alimwuliza kisimani. Akina mama wa wanafunzi waliokuja kupima sare walitaka kujua kama ufunguo umefukuliwa. Wuryani alikuwa akija kwangu anahema, anasema watu hawa wamekula wali wa siku moja wanataka kunimaliza. Lakini alikuja na karatasi. Sulastri aliinuka kwenye benchi. Akaanza kuwauzia abiria wali uliofungwa kwa majani ya mgomba. Sura ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano.

Kosa lilikuwa kwenye ndizi. Nyumba ikishapata boriti, vigae huja baada ya siku chache, ndizi zinashushwa zikiwa tamu, watoto wanagawiwa. Riwaya si nyumba. Ndizi za Wuryani ziliiva zikapita kuiva. Harufu ilijaa chumbani, sisimizi walipanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye boriti, vijinzi vilizunguka kichwa chake anaposhona, na siku moja ndizi moja ikadondoka pwaa juu ya sura ya kumi na sita. Mteja mmoja alirudisha sketi akisema inanuka pombe. Watoto wa jirani walichungulia dirishani wakaimba kwamba paa la Sulastri linavuja.

Nilimkuta amekaa chini, ukurasa wenye uji wa ndizi mapajani. Alikuwa analia kimyakimya, na sura ya kumi na saba ilikuwa haijaanza.

"Nilifanya mchezo na dua za watu," akasema. "Zinaoza kwa sababu mimi mwenyewe ni mwongo. Sina paa, wifi. Sina."

Huruma ilinishika, lakini mimi huruma yangu hutoka kama ugomvi. Nilimwambia ndizi zinaoza kwa sababu ni ndizi. Akasema haziruhusiwi kuguswa mpaka paa likamilike, na nikizigusa atakuwa amevunja nia mbele ya kijiji kizima. Nilikaa nikaliwaza hilo, maana mila si kitu cha kuchezea, na mimi si mtu wa kuidharau. Kisha nikaenda kumwuliza Modin. Modin alicheka mpaka kofia ikamwinamia. Alisema mila inazuia mtu kuzila kwa uroho, haijamzuia mtu kuwalisha majirani.

Basi nikashusha mkungu, nikaacha kikonyo chake kining'inie palepale na bendera yake. Nilipondaponda ndizi zote na unga, nikawasha moto kwenye sufuria yangu kubwa ya peyek, nikakaanga maandazi ya ndizi mpaka mafuta yakanikolea kwenye nywele. Nilipeleka sahani nyumba kwa nyumba, kwa Jumadi, kwa Sarinten, kwa Modin, hadi kwa wale watoto waimbaji. Kila mlango niliwaambia yanatoka kwa Sulastri, anasema asante kwa kusubiri. Wote walipokea. Wote walitafuna mbele yangu.

Nikarudi kwa wifi yangu na sinia tupu.

"Haya," nikamwambia. "Sasa wamekula mara mbili."

Alinitazama. Kicheko kilimwanzia tumboni, na machozi bado yako shavuni. Akavuta karatasi mpya ya kaki, akaigeuza upande usio na vipimo.

Sitasema yaliyofuata yalikuwa mteremko. Kulikuwa na siku aliyoandika mistari mitatu, na siku aliyoandika mmoja akaukata. Lakini aliukata na kuandika mwingine, hakurudi nyuma, na nilipoona siku imekwisha bila karatasi nilikwenda dirishani kwake kuuliza kwa sauti kubwa kama kuna mtu anataka maandazi. Wagiran alianza kurudi mapema kutoka kiwandani. Alikuwa akija barazani kwangu na kiatu na sindano, anajifanya anashona kiatu, na kiatu kilekile alikishona mwezi mzima. Siku moja nilimwuliza kama amejikuta humo ndani. Akasema hapana, kwa bahati mbaya, humo wanaume wote wanaongea sana.

Sura ya mwisho alitusomea alasiri moja ya kiangazi. Mume wa Sulastri anarudi kutoka Kalimantan, nywele zimeingia mvi, anakuta mlango umefungwa na hakuna aliye na ufunguo. Anakwenda stesheni kuuliza. Anauziwa wali na mwanamke ambaye hamtambui mpaka ameshamaliza kula. Yaliyobaki siyasemi, maana mpwa wa Wuryani ameshayachapa na yamepelekwa kwa wachapishaji huko Solo, ambao bado hawajajibu. Nilizipangusa karanga mapajani nikalia bila aibu. Wagiran aliacha kiatu. Alimwambia mkewe, kwa upole ambao sijausikia kwake tangu harusi, kwamba paa limekaa sawa.

Furaha ilipopungua, mimi nikaanza kuwaza kesho. Kesho alasiri, karanga, baraza, na mlango wa nyuma kimya. Sikusema kitu. Ningekuwa mchoyo wa namna gani, mtu amemaliza kazi yake nami nalia kwa kuwa amemaliza.

Kesho alasiri Wuryani akaja. Alikuwa amebeba karatasi, lakini si za kaki mpya. Zilikuwa za zamani, zimepauka, kingo zimeliwa na mende. Aliketi kwenye kigoda, akazifunua kwa uangalifu, akaniuliza kama nakumbuka hii iliishia wapi.

"Mvuani," nikasema. "Mwavuli umevunjika. Mkono ameuinua mbele ya mlango wa shangazi yake. Amesimama hapo tangu ulipoolewa, Wuryani, na kila mvua ikinyesha mimi namfikiria."

Sikukusudia kusema la mwisho. Yeye akalainisha ukurasa kwa kiganja, kisha akasema itabidi tumfanyie karamu ya paa naye.

Asubuhi nilikwenda sokoni mimi mwenyewe. Muuza ndizi alinionyesha mikungu yake mizuri ya manjano, nikamwambia hapana, mama, nipe ule wa nyuma. Nilichagua mbichi kabisa, ngumu kama jiwe, nikarudi nao nyumbani nimeupakata.